Kiota Kilicho Njiani

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Somo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7)

Kama Biblia yako i karibu, ifungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 6 na wa 7. Ni sheria fupi, na wengi wetu huipita upesi tukikimbilia mambo tunayoyaona kuwa makubwa.

Mtu anakwenda zake njiani. Juu ya mti, au chini katika majani, anakuta kiota cha ndege, na mama amewalalia makinda au mayai. Torati inamruhusu mtu huyo kuchukua makinda. Lakini mama asimtwae. Amwache aende zake. Ndipo inafuata ahadi ya heri na siku nyingi. Ahadi hiyo ni ndugu ya ile iliyofungwa pamoja na amri ya kuwaheshimu baba na mama, katika sura ya 5 ya kitabu hicho hicho. Walimu wa Kiyahudi wa zamani waliihesabu amri ya kiota kuwa nyepesi sana, wakastaajabu kuona thawabu yake inalingana na thawabu ya amri nzito.

Angalia pia kwamba mtu huyu hatendi uovu. Si mwizi, wala hakutoka nyumbani ili aue kwa mchezo. Ana njaa, au watoto wake wana njaa, naye ana ruhusa. Torati inamsimamisha mtu mwenye shughuli njema, ikimtaka atazame kwanza ni nani aliyekaa pale anapotaka kupeleka mkono.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya karatasi moja. Kuna halmashauri ya kanisa, wala sitaitaja ni ya wapi, ambayo imeletewa mradi wa kufufua kijito. Kijito hicho hutoka katika kinamasi, na wazee wanakumbuka kilivyokuwa kikipita maji mwaka mzima. Siku hizi ikifika Januari akina mama huchimba mchanga wapate ndoo moja. Watu walilima mpaka ukingoni, na mikaratusi ilipandwa katika chemchemi yenyewe. Sasa vijana na Chama cha Akina Mama wanataka kuikata mikaratusi, kuacha kulima kingo, kupanda mianzi na miti ya asili, kujenga vizuizi vidogo vya mawe ili maji yapunguze mbio, na kuchimba mabwawa mawili ndani ya kinamasi. Mimi nauita mradi mzuri, na ningefurahi kuona kila parishi ina wake.

Lakini katika ukurasa wa tatu kuna swali: Je, kazi hii itawadhuru wanyama wa porini? Na mbele yake mtu ameandika neno moja tu: Hapana.

Aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Alifikiri, kama ambavyo wengi wangefikiri, kwamba kazi ya kurudisha uhai haiwezi kuua. Hata hivyo hakuteremka kinamasini kabla ya kuandika, na hilo ndilo ninalotaka tulitazame asubuhi hii.

Katika vinamasi vya nyanda zetu za juu hukaa korongo taji, ndege yule mrefu mwenye kishungi cha dhahabu kichwani. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa na wataalamu wa dunia kuwa katika hatari ya kutoweka. Hujenga kiota chake chini, katikati ya majani na mafunjo, mahali penye maji yanayomzuia mbwa asifike. Mume na mke hupokezana kuyalalia mayai kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Makinda yakianguliwa huondoka kiotani upesi wakiwafuata wazazi kwa miguu, lakini hawawezi kuruka mpaka ipite miezi miwili au mitatu. Basi hesabu mwenyewe: tangu yai hadi kuruka ni miezi mitatu au minne ambayo familia hiyo haina pa kukimbilia. Na karatasi yetu inasema vijana sitini waingie na majembe mwezi wa Mei, kwa kuwa mvua itakuwa imelainisha udongo. Mvua hiyo hiyo ndiyo hujaza kinamasi, na korongo hupenda kutaga majira ya namna hiyo.

Tena kuna jambo la mikaratusi. Mimi si rafiki wa mikaratusi katika chemchemi. Inakunywa maji mno, na iondoke. Lakini katika jamii zote za korongo duniani, ni hawa wenye taji peke yao walio na kidole cha nyuma cha kuwawezesha kushika tawi na kulala mtini. Mahali ambapo miti ya asili ilikwisha kukatwa zamani, huenda wanalala katika miti hiyo hiyo tunayoichukia. Je, tumekwenda jioni kutazama? Kama wanalala humo, basi tuikate sehemu kwa sehemu huku ile ya asili ikikua, wala tusiifyeke yote kwa Jumamosi moja huku tukiimba.

Yuko mnyama mwingine, naye ni nzohe, swala wa kinamasini. Kwa ajili yake ilitengwa Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp karibu na Kitale mwaka 1974, hifadhi ndogo ya kilomita za mraba kama tatu tu. Kwato zake ni ndefu zilizopanuka, zinamchukua juu ya matope ambamo ng'ombe angezama. Akitishwa huingia majini akabakiza pua. Ukimkatia mafunjo yake, au ukifungua njia pana kavu hadi katikati, umewaonyesha mbwa na wawindaji mlango wa nyumba yake. Wako pia vyura, na kambare, na fisi-maji anayekula samaki. Mabwawa mawili ya kina kirefu yanaweza kuwafaa baadhi yao na kuwaangamiza wengine waliozoea maji ya kifundo cha mguu. Na tope linalotibuliwa juu litateremka kwa majirani walio chini, watu na samaki pamoja.

Jambo moja zaidi, nalipita haraka. Watu wengine hutaka kutia samaki wageni katika mabwawa mapya. Wakumbuke Naivasha. Mwaka 1970 waliletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Marekani kwa ajili ya biashara, nao wakayala majani ya ziwani, hata mayungiyungi yaliyokuwa yakifunika maji yakatoweka.

Sheria ya nchi yetu, iliyotungwa mwaka 1999, inataka kazi za namna fulani zipimwe kwanza athari zake kwa mazingira, na Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, ndiyo huzisimamia. Wako wanaoiona kuwa ni usumbufu wa ofisi. Mimi nikiisoma naona kiota kilicho njiani.

Nitakupeleka mbali kidogo, uone jinsi jambo hili linavyofanywa na watu waliojaliwa fedha na muda. Huko Florida, Marekani, uko mto uitwao Kissimmee. Ulikuwa ukipinda-pinda kwa kilomita 166. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1947, serikali iliamua kuunyosha, na kati ya mwaka 1962 na 1971 ukageuzwa kuwa mfereji wa kilomita 90, wenye kina cha mita 9. Mafuriko yakatulia. Lakini kinamasi cha kandokando kikakauka, na bata waliokuwa wakija wakati wa baridi wakapungua zaidi ya tisa katika kila kumi.

Ndipo wakaamua kuurudisha. Bunge la Marekani likaidhinisha kazi hiyo mwaka 1992, matrekta yakaanza kuufukia mfereji mwaka 1999, na kazi ikakamilika mwaka 2021. Wamefukia kilomita 35 za mfereji, na maji yanapita tena katika kilomita 70 za mto wa zamani. Lakini lililonigusa mimi ni lile walilofanya kabla ya trekta la kwanza. Kwa miaka kadhaa walihesabu. Walihesabu ndege, samaki, wadudu, majani, na hewa iliyomo ndani ya maji. Wakaandika mapema wanachotazamia kukiona, ili baadaye mtu asije akajisifu kwa jambo ambalo hakuliahidi.

Nao walipohesabu tena, majibu hayakuwa ya upande mmoja. Ndege wa miguu mirefu wanaotafuta chakula majini walirudi wengi kuliko walivyotazamia. Bata nao wakarudi. Viota vya ndege hao wa miguu mirefu, hata hivyo, vilibaki vichache kwa miaka mingi. Ndege walikuja kula, wakaenda kuzalia kwingine. Hilo nalo waliliandika. Na yangeyange, yule mweupe afuataye ng'ombe, ambaye kwa asili ni ndege wetu wa Afrika aliyevuka bahari akafika kule, alipungua, maana malisho makavu aliyoyazoea yalirudi kuwa kinamasi. Kwa hiyo kazi njema kabisa, iliyofanywa kwa uangalifu kabisa, ilikuwa na mtu wa kupata na mtu wa kupoteza. Aliyeandika "Hapana" angeandika nini juu ya yangeyange?

Najua mzee mmoja anayenisikiliza sasa anatikisa kichwa. Anasema, "Pasta, mke wangu anachimba mchanga apate maji, nawe unaniambia habari za ndege?" Mzee wangu, swali lako ni la haki, na Bwana Yesu mwenyewe alisema kwamba sisi tu bora kuliko shomoro wengi. Lakini alilisema hilo baada ya kusema kwamba hata shomoro mmoja, wa bei ya chini kabisa sokoni, hasahauliwi mbele za Mungu. Hakutuinua sisi kwa kumtupa yeye. Tena angalia vile Torati ilivyofanya: haikumwambia mwenye njaa arudi nyumbani mikono mitupu. Maji mke wako atayapata. Tunalozungumza ni mwezi gani jembe liingie, na upande upi wa kinamasi uachwe bila kuguswa.

Ugumu uliopo ni wa fedha. Waliotoa msaada wanataka zitumike kabla ya mwisho wa Juni. Halmashauri ikingojea makinda yaruke, huenda sehemu ya fedha ikarudi ilikotoka, na vijana wamekwisha kununuliwa majembe. Sitasema kwamba hilo ni jambo dogo. Nimeona miradi ikifa kwa kuchelewa mwezi mmoja. Hata hivyo zipo kazi ambazo hazihitaji kuingia kinamasini: kupanda miti kwenye kingo za chini, kujenga vitalu, kubeba mawe yakae tayari. Hizo zaweza kufanywa Mei. Na mfadhili anaweza kuandikiwa barua. Wengi wao huelewa wakiambiwa kweli mapema, kuliko wakiambiwa baadaye kwamba yote yalikwenda vizuri.

Karatasi imerudishwa, na lile neno moja limefutwa. Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, watateremka watu wanne: mama mmoja akataye mafunjo ya mikeka, maana anajua kila njia ya mle ndani, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mmoja mwenye daftari, na afisa wa wanyama pori, aliyekubali kuja. Watarudi tena jioni, wakati ndege wanapopanda kulala. Watafanya hivyo kwa Jumamosi nne, kisha ndipo ukurasa wa tatu utajazwa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwonyesha Nuhu kila mnyama kwa jinsi yake, uwaongoze hao wanne katika matope na umande. Uwape macho ya kuona kilichofichwa majanini, na ujasiri wa kukiandika. Uwakumbuke akina mama wanaongojea maji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.