Luteni Kanali Katika Wizara ya Fedha

Ukimtaja Jakaya Kikwete, wengi hukumbuka Ikulu, au ile miaka 10 ya Mambo ya Nje. Miezi yake Wizara ya Fedha, tangu Desemba 1994, hupitwa haraka, na ni rahisi kuisimulia hivi: Luteni Kanali aliletwa kuinyoosha hazina kwa nidhamu ya kambini. Hadithi hiyo imeanzia mkiani. Kikwete alihitimu uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akaingia utumishi wa chama tawala, TANU, kisha jeshini. Jeshi la zama hizo lilikuwa na matawi ya chama, na kule Monduli, chuo cha maofisa, yeye alikuwa mkufunzi wa siasa na kamisaa. Kazi yake ilikuwa kumweleza ofisa mtarajiwa chama kinataka nini. Mizinga ilikuwa ya wengine. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporudi na wanajeshi wakatakiwa kuchagua, alivua gwanda akabaki na siasa.

Atasema mtu: mbona hatua zake zina harufu ya amri? Bajeti ya fedha taslimu, inayohesabiwa miongoni mwa kazi zake, ilikuwa kali kweli: serikali itumie kile tu kilichokusanywa. Hati ya malipo hata ikisainiwa na kugongwa mhuri, kodi isipoingia mzabuni hana budi kusubiri. Lakini tazama alichokikuta. Wahisani walikuwa wamesimamisha misaada kwa sababu ya misamaha ya kodi iliyotolewa ovyo na kodi zisizokusanywa. Serikali iliyokosa misaada na mapato hubana matumizi hata waziri wake angekuwa mwalimu wa chekechea.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba basi yote yalikuwa masharti ya wahisani, naye alitia saini tu. Shinikizo lilikuwepo, hilo halipingiki. Ila sharti la mhisani halijipitishi lenyewe bungeni. Sheria ya Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipita mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi, nayo iliinyang'anya wizara yake idara za kukusanya kodi. TRA ilipoanza kazi Julai 1996, yeye alikwishahamia Mambo ya Nje chini ya Rais Benjamin Mkapa. Kuwashawishi wabunge wa chama chako wakubali jambo kama hilo kabla ya kura hakuhitaji amri ya paredi. Kunahitaji mtu aliyezoea vikao, na vikao Kikwete alivizoea katika ofisi za chama za Singida na Tabora.