Mungu Alikuambia Lini?

Juma lililopita tulizungumza juu ya mashamba na mipaka yake. Leo tunagusa jambo ambalo wengi huogopa kuligusa, yaani Mungu, na namna tunavyosema kwamba tunamjua.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Jamaa yetu ni ya Kasongo, kule Maniema, ambako Uislamu uliingia katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani, kisha wamisionari wakaja. Basi kwetu si ajabu kumkuta baba ni Mwislamu, mdogo wake ni Mkatoliki, na dada yao anaomba katika kanisa la uamsho. Mimi ni Mkatoliki. Nilipokuwa mwanafunzi wa sheria, baba mkubwa alifariki, naye alikuwa Mwislamu. Usiku, kwenye kilio, tukiota moto, nilisema kwa sauti kwamba ni huzuni mzee amekufa bila ubatizo, maana sasa mlango umefungwa. Watoto wake walikuwa palepale, wananisikia. Mmoja aliinuka na fimbo. Shangazi, yule wa kanisa la uamsho, akaingia katikati yetu, akaniuliza: "Mwanangu, Mungu alikuambia lini?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi nilikwenda kumwomba mama mkubwa radhi. Alinipa chai. Lakini wanawe wawili hawakusema nami kwa miaka mitatu.

Sasa angalieni. Chuoni nilikuwa nikifundishwa kwamba shahidi hueleza aliyoyaona kwa macho yake na kuyasikia kwa masikio yake. Akidhani tu, na aseme kwamba anadhani. Kumbe mimi nilikuwa nimetoa ushahidi juu ya hukumu ya Mungu, hukumu ambayo sikuhudhuria. Imani nilikuwa nayo, na hata leo ninayo. Lakini kumwamini Mungu ni neno moja, na kujifanya karani wake ni neno lingine.

Utaniambia hayo ni maneno ya kilio tu, yanapita. Ndiyo, yanapita, mpaka yakutane na mtu mwenye askari na gereza. Mwaka 1921 Simon Kimbangu wa Nkamba, katika Bas-Congo, alianza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa, watu wakamfuata kwa wingi. Wakubwa wa serikali ya Wabelgiji hawakukubali kwamba mtu mweusi aweza kuwa na neno kutoka kwa Mungu bila kupitia kwao. Waliona ni uasi. Baraza la kijeshi la Thysville, leo Mbanza-Ngungu, lilimhukumu kifo, na hakuwa na avoka wa kumtetea. Mfalme Albert alibadili adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alikaa gerezani miaka 30, akafia Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1951. Mwaka 1959 serikali ileile ya kikoloni ikalitambua kanisa lake. Ile miaka 30 nani angemrudishia?

Wala tusiwatupie Wabelgiji peke yao. Mwisho wa mwaka 1971, chini ya Zaire yetu wenyewe, sheria ilitambua makanisa matatu tu: la Katoliki, la Kristo katika Zaire, na la Kimbanguisti. Waislamu waliongezwa baadaye. Aliyefungwa jana yumo ndani, na mwingine yuko nje anabisha hodi! Nikilisema hili mbele ya watu wa dini, hakuna upande unaofurahi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, ila aheshimu haki za wengine. Kifungu cha 41 kinakataza kumsingizia mtoto uchawi. Wewe mzazi, hapa nisikilize vizuri. Mtu akija kwako na kusema Mungu amemwonyesha kwamba mtoto huyu ndiye aliyemwua baba yake, au ndiye anayekufungia kazi, muulize swali la shangazi. Amwombee mtoto mbele yako, hakuna ubaya. Lakini akitaka kumfungia, kumnyima chakula au kumpiga ili pepo atoke, mkatalie, na upeleke habari kwa polisi au kwenye tribinali ya watoto. Sheria ya Januari 2009 ya kumlinda mtoto inampa mwenye kumsingizia mtoto uchawi kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Haisemi "isipokuwa mchungaji". Haisemi "isipokuwa mzazi" pia.

Wengine wameniuliza kama shangazi alipoa katika dini tangu siku ile. Kila Ijumaa anakesha kwa maombi, na sauti yake majirani wanaijua, wengine wanalalamika. Kwa wale watoto wa baba mkubwa anaingia bila kubisha.

Juma lijalo, saa kama hii, tutajibu barua zenu juu ya urithi wa wajane. Kwa herini.