Kununua Shamba Mbele ya Mashahidi

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23. Sara amekufa, naye alikuwa na umri wa miaka 127. Ibrahimu hana mahali pa kumzika. Mungu amemwahidi nchi nzima, lakini hadi siku hiyo hana hata hatua moja ya ardhi iliyo yake.

Sisi watu wa Nyaramba twalielewa jambo hilo. Babu alikuwa na kilima, baba akarithi upande mmoja wa kilima, nasi twagawana mistari michache ya chai. Ndiyo sababu wengi wetu hutazama mbali. Katika miaka ya 1960, mashamba makubwa ya walowezi upande wa Borabu yalipogawanywa, jamaa zetu walihamia Nyansiongo wakapata nafasi. Wengine baadaye wameelekea Transmara, katika nchi ya malisho ya Wamaasai, wakitafuta ekari nyingi kwa fedha za kipande kidogo cha huku.

Kutamani shamba si dhambi. Ibrahimu naye alinunua. Swali ni hili: twanunuaje, na twauzaje?

Miaka kadhaa iliyopita, ndugu mmoja alitujia baada ya ibada, akaomba tumwombee. Alikuwa akiuza ekari zake mbili apate kununua ardhi ya ranchi. Tuliomba naye kwa furaha, tukampa mkono. Hatukumuuliza hata swali moja. Hatukuuliza kama mama watoto anajua. Hatukuuliza mama yake mzazi, aliye mzee, atakaa wapi.

Siku chache baadaye mnunuzi alifika na vigingi. Mke wa ndugu yule alikuwa shambani akichuma chai, na hapo ndipo alipojua. Kaburi la baba mkwe wake likabaki upande wa mnunuzi. Na kule alikokwenda ndugu yetu? Aliyepokea fedha alikuwa mmoja tu wa wenye ranchi ya kikundi ambayo haijagawanywa. Alimpa karatasi yenye sahihi mbili. Hati ya shamba hakuwa nayo. Aliuza peke yake kitu kilichokuwa cha wengi. Jamaa ile ikarudi, ikapanga chumba kimoja karibu na soko.

Wapendwa, maombi yetu siku ile yalikuwa na sauti kubwa, lakini hayakuwa na uzito. Tulibariki jambo lililofanywa gizani.

Sasa mtazameni Ibrahimu. Asema na Efroni Mhiti mlangoni pa mji, watu wote wakisikia. Aambiwa achukue bure, akataa. Apima shekeli 400 za fedha, bei kamili. Kisha Maandiko yataja kila kitu: shamba, pango la Makpela, na miti yote iliyo katika mipaka yake. Hakuna lililofichwa.

Nasi Kenya tunao mlango wa mji. Tangu mwaka 1967 sheria yataka mauzo ya shamba la kilimo yapate idhini ya Bodi ya Ardhi. Bila idhini hiyo mapatano hayana nguvu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mkewe, au mke bila idhini ya mumewe. Na ardhi ya jamii, chini ya sheria ya mwaka 2016, haiuzwi na mtu mmoja. Yahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya wanajamii walioandikishwa. Wengine huona mambo haya kuwa usumbufu. Lakini mtu ambaye hawezi kusimama mbele ya bodi pamoja na mke wake na watoto wake wakubwa, na ajiulize anaficha nini.

Mnunuzi Mkristo naye asijifiche nyuma ya fedha zake. Ukimwona jirani anauza upesi kwa bei ya chini, keti naye kwanza. Labda ni karo, labda ni mgonjwa hospitalini. Pengine mkopo wako utamfaa kuliko ununuzi wako. Mfalme Ahabu alilipata shamba la Nabothi, lakini hakupata raha ndani yake.

Nasi tulikwenda kwa mama mzee yule, tukamwomba msamaha. Hakutulaumu. Alisema angalitaka tu kuulizwa. Neno hilo halijatutoka moyoni. Ndugu msikilizaji, kama unao mpango wa shamba, usiku wa leo waite walio nyumbani mwako, uwaulize.

Natuombe. Ee Bwana, nchi ni yako, nasi ni wapitaji juu yake. Utupe mikono safi katika kununua na kuuza. Uwakumbuke waliopoteza makao. Utufundishe kuuliza kabla ya kubariki. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.