Tanganyika gani? Juu ya kuandika majina ya mahali katika fishi za familia zetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Baraka

 

Mnajua kazi ya Jumamosi pale buroni. Mtu anakuja, anatuelezea familia yake, tunaandika kwenye fishi, halafu tunaingiza katika kompyuta, ndani ya programu inayoitwa Gramps. Hailipiwi, na inafanya kazi bila intaneti. Kwa koneksio yetu hii, hatukuwa na ya kuchagua sana. Leo sitaongea juu ya majina ya watu. Nitaongea juu ya majina ya mahali, sababu hapo ndipo tuliharibu, na wa kwanza kuharibu ni mimi.

Muzee mmoja nilimuuliza alizaliwa wapi. Akajibu: "Tanganyika." Nikaandika Tanganyika, nikapita kwa swali lingine. Mtoto wake aliyemsindikiza akacheka: "Tanganyika gani?"

Kweli, gani? Kuna ziwa. Kuna sekta ya Tanganyika hapa kwetu Fizi, ile ya Mboko. Kuna jimbo la Tanganyika, lenye Kalemie na Moba, lililoanza mwaka 2015 wakati Katanga ilipogawanywa. Na kuna inchi ya Tanganyika, iliyopata uhuru 1961, ikaungana na Zanzibar 1964. Baba ya muzee alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi, kwa hiyo muzee alikuwa anasema juu ya ile inchi. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumfanya mtu wa Mboko. Kigoma vilevile: mji wa Kigoma ng'ambo kila mtu anaujua, lakini kuna pia grupema ya Kigoma, kwa Bafuliiru, teritware ya Uvira.

Hiyo ya muzee tulicheka. Ya Makobola hatukucheka.

Mama mmoja alikuwa anatafuta kaka yake tangu walipoachana katika vita ya 1996. Fishi ya mama iliandikwa "Makobola, Fizi". Fishi ya kaka tulikuwa nayo pia, karibu mwaka mzima, katika kompyuta ileile, lakini mimi nilikuwa nimeiandika "Makobola, Uvira". Makobola ziko mbili, moja upande wa Uvira, nyingine upande wa Fizi, na zote ziko kwenye barabara ileile. Tulipotafuta watu wa Makobola ya Fizi, kaka hakuonekana. Mwanamume huyo hakuwahi kusema Uvira. Mimi ndiye niliongeza, sababu siku ile alikuwa ametoka Uvira na gari. Siku moja tulikuwa tunasoma majina kwa sauti ili kusahihisha maandishi, mama alikuwa amekaa mlangoni anangoja kitu kingine, akasikia jina la mama yake mzazi. Tungesoma kimyakimya, hata leo angekuwa anatafuta.

Basi, tumebadilisha namna ya kazi. Katika Gramps mahali si neno la kuandika upya kila mara. Mahali pana fishi yake, kama mtu. Ukiandika leo Nyarugusu, kesho Nyaragusu, keshokutwa Nyarungusu, kompyuta inahesabu mahali patatu, na watoto wa tumbo moja wanaonekana wamezaliwa mbalimbali. Kwa hiyo sherti kwanza kutafuta kama mahali pale pako tayari, ndipo uunge. Kijiji kinaingia ndani ya grupema, grupema ndani ya sekta, sekta ndani ya teritware, halafu jimbo, halafu inchi. Na kila kiungo kinapokea tarehe. Uvira ilikuwa ndani ya Kivu moja, na tangu 1988 iko ndani ya Kivu ya Kusini. Moba ilikuwa Katanga, leo ni Tanganyika. Inchi yenyewe iliitwa Zaire kuanzia 1971 mpaka 1997. Programu inashika yote bila kufuta ya zamani.

Kwa hiyo tafazali, msiwasahihishe wazee. Akisema Albertville, andika Albertville. Kalemie ni jina lingine la mahali palepale, si mahali pa pili. Karte yake ya ubatizo inasema Albertville, na tukiandika Kalemie peke yake, mjukuu hatajua kwamba karatasi ile ni ya babu yake. Na kama mtu anajua teritware tu, hajui grupema, ishia pale. Usikisie kama mimi nilivyokisia. Maneno yake yaandikwe katika noti, jinsi alivyoyasema.

Sasa neno gumu: watoto waliozaliwa kambini. Mama mmoja aliniambia polepole: "Kaka, muandike tu Baraka. Mukiandika Nyarugusu, kesho watasema huyu ni Mtanzania." Namuelewa. Kuna watu waliosumbuliwa kwa kizuizi sababu ya neno moja kwenye karatasi. Lakini sheria yetu ya uraia, ile ya tarehe 12 Novemba 2004, inasema mtoto ambaye baba au mama yake ni Mkongomani, ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Haisemi lazima azaliwe hapa. Karatasi za kambi na za shule zinasema Nyarugusu, Kasulu. Sisi tukiandika Baraka, mtoto anakuwa na mahali pawili pa kuzaliwa, na ile shaka ambayo mama anaogopa, tunaileta sisi wenyewe. Tulikubaliana naye hivi: kuzaliwa, Nyarugusu, kijiji cha baba, Lweba. Ni mambo mawili, kila moja na mahali pake. Kwa waliozaliwa Lugufu ni muhimu zaidi, maana kambi ile ilifungwa 2009. Tunaandika pia vipimo vya ramani, ili pajulikane palikuwa wapi.

Wafadhili watanisamehe hapa. Mnatuomba mara kwa mara orodha. Hesabu tutawapa, fishi hapana. Gramps ina alama ya kufuli kwa habari za siri, na tukitoa nakala tunaziacha nje zile zenye kufuli. Mahali mtu alipozaliwa, kwetu hapa, si habari ndogo ya kutembeza.

Jumamosi ijayo tunarudia fishi zote za Makobola, moja kwa moja. Tunahitaji wazee wawili wa kila upande, watu wanaojua grupema inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Muje saa mbili, kabla jua halijakuwa kali. Wenye karatasi za kambi, hata zilizochanika, mzilete. Tutazisoma kwa sauti.