Sauti Katika Mikono ya Mtu

Katiba ambayo wananchi wa Kenya waliipitisha mwaka 2010 ina ibara inayostahili kusomwa katika kila kambi na kila kituo cha polisi cha Afrika Mashariki. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya nukta nundu au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, pamoja na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake.

Kimojawapo cha vifaa hivyo ni kishikwambi. Mtu aliyepotewa na usemi kwa kiharusi, au mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, hugusa picha kwenye kioo, na chombo hutamka neno kwa niaba yake: maji, maumivu, hapana. Jamaa zake wanaweza hata kumrekodia maneno hayo kwa Kiswahili, Kijaluo au Kikamba.

Lakini haki iliyoandikwa haimpi mtu sauti mpaka chombo kimfikie mkononi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalikadiria mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, na karibu bilioni 1 hawakipati. Kwa nchi zisizo na fedha nyingi, kuazimisha ni njia ya busara. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2004, inayasaidia majimbo kuazimisha vifaa, ili mtu ajaribu chombo kabla ya kukinunua, au akitumie wakati chake kinatengenezwa.

Askari anaielewa kazi hiyo vizuri. Silaha hutolewa ghalani kwa saini, hukaguliwa, husafishwa, hurejeshwa na kukabidhiwa mwingine. Vishikwambi navyo vyahitaji daftari, fundi na umeme, la sivyo vitaozea kabatini. Hata hivyo, iko tofauti moja kubwa. Bunduki hurudi ghalani zamu inapokwisha, lakini kusema hakuna zamu. Ikithibitika kwamba chombo kinamfaa mtu, hapana budi apewe chake, asije akarudishwa katika ukimya siku ya kurejesha inapofika.

Iko na hatari ya pili, nayo yawahusu walinzi wa usalama moja kwa moja. Kijana asiyeweza kusema, akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, aweza kudhaniwa mkaidi au mlevi. Akitoa kishikwambi, aweza kudhaniwa mwizi. Askari anayemnyang'anya chombo hicho amemkata ulimi kabla hajajieleza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unazitaka serikali, katika Ibara ya 13, kuhimiza mafunzo yafaayo kwa watumishi wa vyombo vya haki, wakiwamo polisi na askari magereza.

Mengi ya mafunzo hayo hayahitaji fedha. Yahitaji subira ya kungoja jibu, kumwuliza mhusika mwenyewe badala ya aliyemsindikiza, kuuliza swali moja moja, na kumwachia chombo chake. Betri ikiisha, karatasi yenye picha chache yaweza kumsaidia. Raia aliyetendewa hivyo ataweza kutoa ushahidi wake, na mhalifu hatajificha tena nyuma ya ukimya wa mnyonge.