Kuchagua Tairi za Gari la Safari za Porini

Leo twapenda kusema nanyi juu ya tairi za magari yapitayo njia zisizo na lami. Huenda mtu akauliza, "Mimi sina gari, tairi zanihusu nini?" Zakuhusu, kwa sababu wewe hupanda gari la mwenzako. Tena mgeni ajaye Songwe kutazama Kimondo cha Mbozi, kisha akataka kushuka mpaka Ziwa Rukwa, hujitia mikononi mwa madereva waliotoka vijijini mwetu.

Mwaka 2018 sisi walimu tulinunua tairi mbili mjini Tunduma kwa gari la chuo. Fedha zilichangwa na wazazi, basi tulifurahi kupata bei nafuu. Tairi zilikuwa nyeusi, zenye kung'aa, na meno yake marefu. Muuzaji akasema ni mpya, nasi tukasadiki. Tuliiacha lami pale Mlowo, tukashika njia ya Kamsamba pamoja na wanafunzi kumi na mmoja. Mteremkoni, penye mawe makali, tairi moja ya mbele ilipasuka ubavuni. Gari likavutwa kando, likagota kwenye ukingo wa mlima. Upande wa pili palikuwa na bonde. Hakuna aliyeumia, lakini tairi ya akiba haikuwa na upepo, tukalala njiani.

Asubuhi tulisoma ubavu wa tairi ile. Palikuwa na tarakimu nne, 0809: maana yake, juma la nane la mwaka 2009. Ilikuwa na miaka tisa! Mpira huzeeka hata ukikaa dukani; hukauka, ukapata nyufa ndogo ndogo ambazo rangi ya kupaka huzificha. Baadhi ya watengenezaji hushauri tairi isitumiwe kupita miaka 10, hata kama meno yake bado ni mazima. Sisi tulisoma bei tu, na hali kazi yetu ni kufundisha watu kusoma.

Basi, yafaa kuzijua alama hizo. Ukiona 265/65R17 112, ile 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani sehemu 65 katika mia ya upana huo. 17 ni inchi za ringi. Ile 112 si kilo 112, bali ni namba ya jedwali: tairi hiyo huchukua kilo 1,120. Pima mzigo wako, watu, maji na mafuta, ndipo ununue. Kwa njia ya mawe, ubavu mrefu wenye tabaka nyingi za nyuzi hufaa zaidi, maana tundu la ubavuni halizibwi kwa kuaminika, hata fundi wa pancha awe hodari namna gani.

Habari ya meno, vijana wengi hupenda yale makubwa kama ya trekta, yenye alama M/T. Hayo hufaa kweli katika matope ya masika, lakini kwenye lami huvuma na kulika upesi. Kwa mtu ambaye nusu ya safari yake ni lami ya Mbeya na Tunduma, sisi twaona zile za A/T zatosha.

Sasa bei. Tuseme tairi moja ni shilingi 300,000 na hudumu kilometa 20,000. Nyingine ni shilingi 480,000 na hudumu kilometa 60,000. Ya kwanza hugharimu shilingi 15 kwa kila kilometa, ya pili shilingi 8. Wanafunzi, fanyeni hesabu hiyo wenyewe, kisha mwaonyeshe baba zenu.

Lakini hata tairi njema huuawa na upepo mchache. Ubavu hujikunja mno, ukapata moto, nyuzi zikaachana. Pengine dereva hupunguza upepo ili apite mchangani. Na aurudishe mara afikapo lami. Na ile ya akiba ipimwe kabla ya kuondoka.

Ile tairi yetu iliyopasuka tulimpa fundi wa katambuga. Alitoa jozi kadhaa, na mwanafunzi mmoja alizivaa mpaka alipomaliza chuo.