Ile Warumi 13 ya jukwaani: maneno niliyosema barazani Mkomani

Wengi mliniomba maneno ya baraza ya juzi. Nayaweka hapa kama nilivyoyasema. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Assalaam aleikum wazee wangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma. Najua mwajiuliza Warumi 13 yatuhusu nini sisi wa Mkomani, mtaa wa misikiti. Yatuhusu kwa sababu twaisikia kila siku. Watu wakilalamikia kodi, au ardhi, au bandari, hakosi kiongozi wa kupanda jukwaani aseme hata Biblia imeamrisha serikali itiiwe, basi nyamazeni. Akija pande zetu abadilisha kitabu tu. Atoa aya ya 59 ya Suratun Nisaa, ile ya wenye madaraka, na aikata katikati, kabla ya kufika pale inapoeleza la kufanya watu wakizozana. Leo nashika hiyo ya Paulo, maana ndiyo inayozungushwa zaidi kwenye mijadala ya taifa.

Kwanza kabisa, ile ni barua. Paulo aliiandika karibu mwaka 57, yuko Korintho, akiwaandikia watu wachache wa Roma waliokuwa wakikutana majumbani. Hawana kura, hawana mbunge. Na wana kidonda kibichi. Karibu mwaka 49 Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi mjini Roma kwa sababu ya fujo. Kati ya waliofukuzwa ni mume na mke, Akila na Prisila, mafundi wa mahema. Paulo aliwakuta Korintho, wakafanya kazi pamoja. Klaudio akafa mwaka 54, waliofukuzwa wakaanza kurudi, na mwisho wa barua hiyohiyo Paulo awatumia salamu wawili hao. Wako Roma tena.

Sasa hebu fikiria wewe wamwandikia rafiki yako aliyerudi juzi kwenye mji uliomtimua. Utamwambia nini? Si utamwambia tulia, lipa kodi yako, usiwape sababu?

Na kodi ndiyo yenyewe. Soma fungu lote uone linakoishia: kodi na ushuru. Kigiriki kina maneno mawili pale, kama sisi. Phoros ni kodi waliyotozwa watu waliotawaliwa na Roma, na telos ni ushuru wa bidhaa, huo wa forodhani mnaoujua. Mwanahistoria Tacitus aeleza kwamba mwaka 58, mwaka mmoja tu baada ya barua, kelele za watu juu ya watoza ushuru zilizidi hata Nero akafikiria kuufuta wote, ila wakuu wa baraza wakamzuia. Kwa hiyo Paulo aliandika mji ukinung'unika. Na Nero mwenyewe wakati huo ni kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Moto wa Roma na mauaji ya Wakristo yalikuja mwaka 64, Paulo hakuwa ameyaona.

Halafu hiyo namba 13. Paulo hakuandika namba. Sura zilitiwa karne ya 13, aya karne ya 16. Ziondoe, utaona maneno ya mamlaka yamefuata papo hapo onyo la kutolipiza kisasi, na baada yake yaja habari ya kupendana. Mtu wa jukwaani ameingia katikati ya mazungumzo ya watu na kutoka kabla hayajesha.

Sisemi Paulo alikuwa mwanamapinduzi. Hakuwa, na wanaomgeuza hivyo wampamba tu. Lakini mtazameni alipodhulumiwa yeye. Kule Filipi alichapwa viboko akafungwa bila kuhukumiwa. Asubuhi mahakimu wakatuma watu wamtoe kimyakimya. Akakataa. Akasema yeye ni raia wa Roma, waje wenyewe. Wakaja! Baadaye, Kaisaria, alipoona kesi yake yapelekwa siko, akakata rufaa kwa Kaisari.

Sisi hapa njia hiyo twaijua. Wavuvi wa Lamu walishtaki juu ya bandari ya LAPSSET, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe. Hao walioshtaki waliasi mamlaka?

Mwaka 57 mamlaka ni Kaisari, basi. Katika Kenya ya katiba ya 2010, kifungu cha 1 chasema mamlaka makuu ni ya wananchi, na viongozi wayashika kwa niaba yetu. Kifungu cha 37 chatupa haki ya kuandamana kwa amani na kupeleka malalamiko. Kwa hivyo anayetuhubiria tuyatii mamlaka, tumuulize kwa adabu: na wewe, bwana, wayatii?

Tulipokuwa twainuka mzee mmoja akaniuliza, je, huyo Paulo, Kaisari alimsikiliza? Nikamjibu kitabu cha Matendo chamwacha Roma, kwenye nyumba ya kupanga, miaka 2, mlinzi pembeni, aongea na kila anayeingia. Hukumu haikuandikwa.